Kurusha DC-3 kwenye simuleta ya nyumbani: injini kwanza

Anayetoka kwenye Airbus au Boeing za kisasa na kuingia DC-3, ndege ya zamani ya propela mbili, kwa mara ya kwanza huhofia gurudumu la mkia. Hofu hiyo ina msingi, lakini gurudumu la mkia humsumbua rubani mwanzo na mwisho wa safari tu. Katikati kuna saa mbili au tatu za kukaa na injini mbili za Pratt & Whitney R-1830 Twin Wasp, kila moja ikiwa na silinda 14 katika safu mbili na nguvu za farasi 1,200. Ndege hii iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Kazi ambazo leo kompyuta hufanya kimya kimya, hapa unazifanya mwenyewe: kupima joto, kuchagua kasi ya propela, kuamua ni lini uanze kushuka. Nionavyo mimi, atakayezijua injini za DC-3 ataijua ndege nzima, na anayezipuuza atabaki abiria aliyekaa kiti cha rubani.

Tatizo ni kwamba modeli nyingi za simuleta, yaani programu za kompyuta za kuigiza urushaji, hazimwadhibu anayezitesa injini. Unaweza kusukuma leva zote mbele, ukapanda nazo hivyo hivyo hadi futi 8,000, na usione moshi wala kusikia mgongano wa chuma. Ndiyo maana ujiwekee mipaka mwenyewe na kuiheshimu kana kwamba injini ni za chuma kweli. Mimi huandika namba hizi kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya skrini. Kupaa ni inchi 48 za zebaki (kipimo cha presha ya hewa inayoingia kwenye silinda) na mizunguko 2,700 kwa dakika, kwa muda usiozidi dakika tano. Nguvu ya juu ambayo injini inaweza kuendelea nayo ni inchi 42.5 na mizunguko 2,550. Kupanda kwa kawaida ni inchi 36 na mizunguko 2,350. Safari, yaani kuruka kwa urefu mmoja baada ya kupanda, ni inchi 28 hadi 30 na mizunguko 2,050. Joto la vichwa vya silinda lisizidi nyuzi 260 za Selsiasi wakati wa kupaa, na nyuzi 232 wakati mwingine wote. Presha ya oili iwe kati ya pauni 75 na 90 kwa inchi ya mraba. Aina ndogo za injini hutofautiana kidogo, kwa hiyo kijitabu cha modeli yako ndicho chenye kauli ya mwisho.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Joystiki ya kawaida yatosha kwa kuanzia, ila pedali za miguu ni lazima. Kusokota joystiki badala ya kukanyaga pedali kunawezekana kwenye ndege yenye gurudumu la pua, lakini kwenye DC-3 utachoka mapema. Ukipata seti ya leva sita, mbili za throtli (za kuongeza na kupunguza nguvu), mbili za propela na mbili za mchanganyiko wa petroli na hewa, umepata kitu cha maana kuliko skrini kubwa. Ingia kwenye mipangilio na uzime misaada yote, hasa ule wa simuleta kukanyaga pedali kwa niaba yako. Msaada huo hupambana na miguu yako wakati ndege inakimbia ardhini, na utadhani kosa ni lako. Kagua pia kwamba leva ya kushoto na ya kulia zinatoa thamani ileile zikiwa usawa mmoja. Zikipishana kidogo tu, throtli moja itakupa inchi 30 na nyingine 27, na ndege itavuta upande mmoja safari nzima.

Geji ya kuizoea kabla ya zote ni ile ya presha ya manifoldi. Inaonyesha presha ya hewa inayoingia kwenye silinda, na injini ikiwa imezimwa husoma presha ya hewa ya mahali ulipo, karibu inchi 30 usawa wa bahari. Hilo lina faida ya papo hapo: isome kabla ya kuwasha, ukumbuke namba yake, kisha wakati wa kujaribu injini sukuma throtli hadi namba hiyohiyo na uangalie mizunguko. Injini yenye afya hutoa mizunguko ileile kila safari kwa presha hiyo, na mbili zikitofautiana, dhaifu ni ile yenye mizunguko michache. Magneto, vifaa vinavyozipa plagi cheche, hukaguliwa hapo hapo. Ukizima moja, mizunguko ishuke kwa 100 au pungufu, na injini isitetemeke.

Kabla ya jaribio hilo, subiri. Oili ya injini za aina hii ni nzito, na ikiwa baridi haipiti vizuri kwenye njia nyembamba. Baada ya kuwasha kaa kwenye mizunguko 800 hadi 1,000 mpaka joto la oili lifike nyuzi 40. Wengi hufunga vibao vya hewa vinavyozunguka injini ili ipashe moto haraka, na simuleta itawapa zawadi ya geji inayopanda upesi. Usifanye hivyo. Kwenye injini halisi, hewa isiyotembea huunguza nyaya za plagi hata kama geji ya silinda inaonyesha joto la kawaida. Ardhini vibao hukaa wazi. Oili ikishapata moto, vuta leva za propela nyuma na kuzirudisha mbele mara tatu, polepole, ili oili ya moto ifike kwenye kitovu cha propela na kuitoa ile ya baridi iliyokaa humo.

Kupaa kwenyewe ni kazi ya miguu. Panga ndege katikati ya njia ya kurukia, isogee mbele mita chache ili gurudumu la mkia linyooke, ndipo ulifunge. Ukilifunga likiwa limepinda, ndege itageuka mara tu utakapoongeza nguvu. Propela zote mbili huzunguka upande mmoja, kulia zikitazamwa kutoka nyuma, kwa hiyo pua huvutwa kushoto. Mguu wa kulia uwe tayari. Sukuma throtli kwa sekunde nne au tano, si kwa mpigo mmoja. Mkia ukianza kuinuka, pua huvutika tena kushoto, na hapo ndipo ndege nyingi za nyumbani huishia kwenye nyasi. Mkia ukipanda wenyewe kwa shinikizo dogo tu la usukani, mvuto huo huja taratibu na mguu unauwahi. Ndege huacha ardhi karibu na noti 80 (maili za baharini 80 kwa saa), na 84 ndiyo spidi ya kushikilia iwapo injini moja itakufa.

Magurudumu nayo yana utaratibu wake, ambao kitufe kimoja cha kibodi huuficha. Kuna leva mbili: kitasa cha kufuli sakafuni kati ya viti, na leva ya haidroliki. Kuinua: fungua kitasa, kisha vuta leva juu, na magurudumu yakishaingia rudisha leva katikati. Kushusha: leva chini, subiri presha ipande kwenye geji ya magurudumu, tazama gurudumu la upande wako kupitia dirishani, leva katikati, kisha funga kitasa. Kama modeli yako imeyachora hayo, yafanye kwa kipanya au kwa vitufe tofauti. Ukivuta leva kitasa kikiwa kimefungwa haitasogea, na wengine hudhani modeli imeharibika.

Ukipunguza nguvu baada ya kupaa, fuata mpangilio: throtli kwanza, halafu propela. Ukiongeza nguvu, kinyume chake: mchanganyiko, propela, ndipo throtli. Sababu ni kwamba presha kubwa ya manifoldi kwenye mizunguko michache hulipua mchanganyiko ndani ya silinda badala ya kuuchoma taratibu, na mlipuko wa namna hiyo hutoboa pistoni. Panda kwa noti 105 hadi 110 huku ukitazama joto la silinda. Likikaribia 232, teremsha pua kidogo upate hewa zaidi kabla ya kufungua vibao zaidi, kwa kuwa vibao vilivyo wazi hula spidi. Na kadiri unavyopanda, presha ya manifoldi hushuka karibu inchi moja kwa kila futi 1,000, hata kama hujagusa kitu. Rudisha inchi iliyopotea kwa kusogeza throtli mbele, kidogo kidogo.

Waliozoea ndege ndogo huanza hapa kuvuta leva ya mchanganyiko nyuma kila baada ya futi elfu. Kabureta ya Twin Wasp haihitaji hivyo. Hujirekebisha yenyewe kwa urefu, na leva ina vituo vinavyojulikana: tajiri ya otomatiki (petroli nyingi) kwa kupaa, kupanda na kutua, nyepesi ya otomatiki (petroli kidogo) kwa safari, na mwisho kabisa, kuzima. Ukiiacha katikati ya vituo unapata mchanganyiko usiojulikana.

Kinachoitesa kabureta ni barafu. Hewa yenye unyevu, hata nje kukiwa na nyuzi 10 au 15 juu ya sifuri, hupoa inapokutana na petroli inayogeuka mvuke, na barafu hujijenga kwenye koo la kabureta. Dalili yake ni presha ya manifoldi inayoshuka huku urefu na throtli havijabadilika. Washa joto la kabureta lote mara moja, usiliwashe nusu nusu. Presha itashuka zaidi kwanza kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, na barafu ikishayeyuka itapanda. Usizime joto hilo kwa kuogopa ule mshuko wa kwanza.

Ukishafika kwenye safari, fanya kazi ninayoipenda kuliko zote: kulinganisha propela. Kwenye modeli iliyorekodiwa vizuri utasikia mvumo unaopanda na kushuka, vuum, vuum. Huo ni mgongano wa sauti za propela mbili zisizo na kasi moja. Gia ya Twin Wasp hupunguza mizunguko kwa uwiano wa 16 kwa 9, kwa hiyo injini yenye mizunguko 2,050 huzungusha propela karibu mara 1,153 kwa dakika, na kila propela ina mapanga matatu. Injini zikipishana mizunguko 20 tu, tofauti ambayo jicho halioni kwenye geji, propela hupishana mizunguko 11 na kidogo, na mara tatu yake ni mivumo 34 hivi kwa dakika: mmoja karibu kila sekunde mbili. Acha leva ya kushoto ilipo, sogeza ya kulia kwa unywele, usikilize. Mvumo ukienda haraka zaidi umekosea upande; rudi. Ukipungua kasi, endelea kwa upole hadi unyooke. Sikio hapa ni sahihi kuliko geji. Na likizoea, utajua injini imebadilika kabla sindano yoyote haijasogea, maana mvumo utarudi bila wewe kugusa leva.

Otopailoti ya Sperry hushika mwelekeo na usawa wa mabawa na pua, lakini haishiki urefu. Kabla ya kuiunganisha, linganisha alama zake na hali ya ndege kwa mkono. Ukiiunganisha alama zikiwa zimepishana, ndege itaruka ghafla kuzifuata. Jairo ya mwelekeo, geji ya mwelekeo inayotegemea gurudumu linalozunguka kwa kasi, nayo huhama. Mzunguko wa dunia peke yake huipotosha kwa nyuzi 15 kwa saa ukizidisha na sine ya latitudo: kwenye latitudo ya 50 ni nyuzi 11 na nusu kwa saa, na kwenye ikweta ni sifuri, ukiacha msuguano wa beringi. Irudishe kwenye dira kila dakika 15, mabawa yakiwa sawa na spidi haibadiliki, kwani dira ya sumaku hudanganya ndege inapokata kona au kuongeza mwendo. Kama simuleta yako ina swichi ya kuwezesha upotokaji huo, iwashe. Bila hiyo unarusha DC-3 yenye jairo ambayo haijawahi kutengenezwa.

Kwa kutafuta njia, tumia redio za NDB (minara ya redio ya ardhini ambayo sindano ya ndege huielekea), saa na ramani. Upepo wa pembeni wa noti 10 kwa ndege inayokwenda noti 140 angani hukupeleka kando nyuzi 4 hivi, na kosa la nyuzi moja ni maili moja kwa kila maili 60. Minara mingi ya NDB imeondolewa duniani, kwa hiyo haimo kwenye data mpya za simuleta. Hakikisha ule uliouchagua bado unasikika kabla ya kuujengea safari nzima.

Sasa kushuka. Hapa ndipo tabia ya ndege za kisasa inapoumiza zaidi. Kwenye jeti unavuta throtli hadi mwisho na kuiachia ndege iteremke. Kwenye injini kubwa za pistoni kuna kanuni ya kuheshimu: presha ya manifoldi isiwe chini ya inchi moja kwa kila mizunguko 100. Kwa mizunguko 2,050, kiwango cha chini ni inchi 20 na nusu. Ukienda chini ya hapo na spidi ingali kubwa, hewa ndiyo inayoizungusha propela na propela ndiyo inayoizungusha injini. Mzigo kwenye beringi ya konrodi kuu (fimbo inayounganisha pistoni na mhimili wa injini) hugeuka upande ambao oili haikupangwa kuulinda, ringi za pistoni hutetemeka kwenye njia zake, na silinda hupoa kwa ghafla. Hakuna geji ya madhara hayo, na simuleta haitakuambia.

Kwa hiyo mteremko hupangwa ukiwa mbali. Tuseme uko futi 8,000 na unataka kuwa 1,500 karibu na uwanja. Ni futi 6,500 za kuteremka. Ndege haina presha ya ndani, na masikio ya abiria hayapendi zaidi ya futi 400 au 500 kwa dakika. Kwa 400 utahitaji dakika 16, na kwa mwendo wa noti 150 juu ya ardhi hizo ni maili 40. Anza maili 45 kabla, upate nafasi ya kupunguza mwendo mwishoni. Punguza throtli kutoka inchi 29 hadi 25, inchi moja kwa wakati, na ushushe pua kidogo tu.

Kisha angalia kinachotokea: kila futi 1,000 unayoshuka, presha ya manifoldi hupanda inchi moja yenyewe. Ungeiacha throtli ilipokuwa safarini, ungefika chini na inchi 35 kwenye mizunguko 2,050, presha ambayo mizunguko hiyo haikupewa kuibeba, huku spidi ikipaa. Basi kila inapopita elfu, vuta throtli irudi 25. Karibu na chini iwe 22. Funga vibao vya hewa, na utazame joto la silinda likishuka polepole bila kuporomoka. Ukichelewa kuanza, usijaribu kufidia kwa kuvuta throtli. Zunguka mara moja juu ya mnara wa redio, au shusha magurudumu mapema yakupe ukinzani wa hewa.

Kwenye mzunguko wa kutua, mchanganyiko urudi tajiri, propela 2,350, spidi 110, magurudumu chini, flapu robo. Flapu za DC-3 hufunguka kama ubao chini ya bawa. Robo ya kwanza huliongezea bawa nguvu ya kubeba kidogo, na zilizobaki ni breki zaidi kuliko kitu kingine. Flapu nusu na zaidi zisubiri hadi uwe chini ya noti 97. Njia ya mwisho ni noti 85 na throtli inchi 15 hadi 17. Kwa spidi hiyo ndogo hewa haina nguvu ya kuisukuma propela kama mteremkoni, kwa hiyo kanuni ya inchi haikubani tena. Tua kwa magurudumu mawili ya mbele, mkia ukiwa chini kidogo tu. Yakigusa, toa throtli na usukume usukani mbele kwa wepesi ili ndege isidunde. Ikidunda juu, ongeza nguvu uzunguke upya. Mkia ushuke wenyewe, ndipo uvute usukani wote nyuma. Usiguse breki mkia ukiwa juu, na usiache kucheza na pedali mpaka ndege isimame: uzito umekaa nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo mpindo wowote hujiongeza wenyewe.

Zoezi la injini kufa lifanyie futi 5,000, si karibu na ardhi. Vuta mchanganyiko wa injini moja hadi kuzima, kisha tazama geji: presha ya manifoldi na mizunguko vitabaki karibu vilevile, kwa sababu hewa bado inazungusha propela na gavana, kidhibiti cha kasi ya propela, bado kinaishikilia kasi yake. Geji hizo hazikuambii ni ipi imekufa. Miguu ndiyo inayojua: ule unaokanyaga kunyoosha ndege uko upande wa injini nzima, ule uliolegea uko upande wa iliyokufa. Thibitisha kwa kuvuta throtli ya upande huo. Kama hakuna kinachobadilika, bonyeza kitufe cha kulaza mapanga, yaani kuyageuza yaukabili upepo kwa ukingo. Kitufe hushuka na kukaa, pampu ya umeme husukuma oili, mapanga yakilala hutoka chenyewe. Injini nzima ipe inchi 42.5 na mizunguko 2,550, ndege iinamie upande wake kwa nyuzi 5, na usikubali spidi ishuke chini ya 84.

Kuirudisha iliyolala, shikilia kitufe kilekile hadi propela ifike mizunguko 800 hivi, uachie, magneto zikiwa zimewashwa, na usogeze mchanganyiko kwenye tajiri. Silinda zake zimepigwa na upepo wa noti 100 bila moto ndani, na oili yake imepoa. Iache kwenye mizunguko 1,500 na inchi 15 hadi joto la oili lirudi 40, kisha inchi 20, na 30 ije ya mwisho.